Simu imekanyagwa na Fuso huko Mpunguzi, Dodoma, waranti ya nyongeza ninayo. Nimeanza kudai, naomba msaada

Bi Zabibu – Jumapili, saa 1 usiku

Mbukwenyi wakuu.

Naandika kwa simu ya mdogo wangu. Jana alfajiri nilikuwa Mpunguzi, tunapakia zabibu za kupeleka Dar. Simu ilikuwa mfuko wa mbele wa aproni, nikainama kunyanyua kreti, ikateleza nisijue. Fuso ikarudi nyuma. Utingo ndiye aliyepiga kelele, lakini tairi ilikuwa imeshapita juu.

Ilivyo sasa: kioo ni unga, fremu imekunjika katikati, mfuniko wa nyuma umebanduka na betri inaonekana. Haiwaki, haitetemeki. Ndani yake kuna oda za wateja zaidi ya 40 wa Dar na Morogoro, namba zao, na kumbukumbu za nani kalipa na nani bado. Msimu ndio kwanza umeanza, na zabibu ikishakatwa haimsubiri mtu.

Nilinunua mjini, duka moja karibu na Jamatini, miezi 8 iliyopita kwa 620,000. Muuzaji akanishawishi niongeze 70,000 nipate waranti ya nyongeza ya miaka 2. Maneno yake nayakumbuka: "Mama, hii hata ikivunjikavunjika unapewa nyingine." Nikalipa. Leo nimepiga dukani, akapokea kijana mwingine, akasema hiyo imeharibika kupita kiasi, waranti ni ya kutengeneza na si ya kubadilisha, nitafute fundi.

Mwenye uzoefu anisaidie. Simu ikivunjika kidogo wanatengeneza, ikivunjika sana ndiyo hawahusiki? Inaniuma sana. Na kuna fundi jirani kasema ataifungua bure aone kama vitu vya ndani vinaokoleka. Nimpe?

Mama Wawili Ipagala

Pole sana dada yangu. Nina waranti kama hiyo kwa simu ya mwanangu, naufuatilia uzi huu.

Fundi wa Sabasaba

Dada pole. Usimpe mtu yeyote aifungue, hata mimi usiniletee. Nasema hivyo nikiwa naishi kwa kazi hii. Karibu kila karatasi ya waranti niliyowahi kuonyeshwa na wateja ina mstari kwamba simu ikiguswa na fundi asiyeidhinishwa, dai limekufa. Wanatazama stika ndogo juu ya skrubu na gundi ya mfuniko. Wako umebanduka kwa ajali, kwa hiyo piga picha sasa hivi kwa simu ya mdogo wako, pande zote, stika zionekane hazijachubuliwa.

Halafu betri. Betri ya lithiamu ikikunjwa au kutobolewa inaweza kushika moto hata saa nyingi baada ya ajali. Usiijaribu tena na chaji, usijaribu kuinyoosha fremu, usiizike kwenye mchele. Iweke kwenye sufuria tupu isiyotumika, nje ya chumba mnacholala, mbali na nguo na mafuta ya taa. Na usiitume kwa basi kama kifurushi. Ipeleke mwenyewe.

Kuhusu vitu vya ndani nakuambia ukweli. Simu za miaka hii memori imechomelewa kwenye bodi, na taarifa zimefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya bodi hiyohiyo. Fundi hawezi kuing'oa chipu na kuisoma kwingine kama zamani tulivyochomoa kadi ya memori. Lazima bodi yenyewe iamke, na bodi iliyokunjwa na Fuso sioni ikiamka. Anayekuahidi kuokoa picha zako atakula hela na kuua dai.

Kesho saa 2 nenda kwa mtandao wako na namba ya NIDA, weka kidole, upewe laini mpya kwa namba ileile. Hela zako za simu zipo kwenye namba, Fuso haikuzikanyaga. WhatsApp kama ilikuwa inajihifadhi kwenye akaunti ya Google, ukiingia kwa namba ileile na akaunti ileile mazungumzo yanarudi mpaka siku ya akiba ya mwisho.

Kizota Juu

Mimi waranti hizi sizikubali na nitaeleza hesabu yangu. Nyumbani tuna simu 4. Tungelipa 70,000 kwa kila moja ni 280,000 kila miaka 2. Kwa miaka 6 ambayo tumekuwa Dodoma tumepasua vioo viwili tu, vyote kwa pamoja havikufika 300,000 kwa fundi. Hiyo 70,000 iweke kwenye kibubu, simu ikivunjika unavunja kibubu. Kibubu hakikuulizi stika.

Dada, sikulaumu. Namlaumu muuzaji aliyekuambia sentensi moja wakati karatasi ina sentensi hamsini.

Karani Mstaafu

Kizota, hesabu yako ni sahihi kwa mtu mwenye kupasua kioo. Kwa mtu ambaye simu yake ni duka lake, inayoishi shambani na kwenye magari, 620,000 kupotea asubuhi moja katikati ya msimu ni jambo jingine. Kibubu chake cha miezi 8 kingekuwa na hiyo 70,000 tu.

Bi Zabibu, nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi kabla ya kustaafu. Yule kijana wa kwenye simu usimsikilize kwanza, na yule muuzaji wa maneno matamu pia muweke pembeni. Anayeongea hapa ni karatasi. Tafuta vipengele vitatu uvinakili hapa neno kwa neno: wanasemaje kuhusu simu isiyotengenezeka, muda wa kutoa taarifa ni siku ngapi, na vitu gani havimo. Kisha chini kabisa tazama nani kasaini. Je, ni duka, au limetajwa shirika la bima?

Bi Zabibu – Jumapili, saa 3 usiku

Shikamoo mzee wangu. Nimeipata, ilikuwa kwenye bahasha ya vyeti vya watoto. Nanakili:

"Iwapo gharama ya matengenezo itazidi asilimia 70 ya bei ya ununuzi, au kifaa hakitengenezeki, mteja atapewa kifaa mbadala chenye sifa sawa au zinazokaribia, kipya au kilichokarabatiwa, baada ya kuchangia asilimia 10 ya bei ya ununuzi."

"Mteja atatoa taarifa ya ajali ndani ya siku 3."

Visivyohusika: kupotea, kuibiwa, kuharibu kwa makusudi, kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na "kifaa kilichowasilishwa bila sehemu zake kuu". Chini imesainiwa na duka, halafu imetajwa kampuni inayotoa mpango. Bima haijatajwa popote.

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Basi kijana alikuambia kinyume cha karatasi yao wenyewe. Simu isiyotengenezeka ndiyo hasa inayobadilishwa. Ungepasua kioo tu, hapo ndipo wangekuambia tunatengeneza.

Siku 3. Ajali Jumamosi, leo Jumapili, kesho inaisha. Usisubiri kesho. Tuma ujumbe wa maandishi usiku huu kwa namba na barua pepe iliyopo kwenye karatasi: jina, tarehe na saa ya ajali, mahali, ilivyotokea, picha. Andika ilivyotokea kweli. Usiseme ilianguka mezani kwa kuogopa wataona ulizembea. Simu iliyopitiwa na tairi haifanani na simu iliyoanguka, na watu wa madai wamezoea kuona. Uongo mdogo ndio unaoua dai la haki.

Na kesho ukienda, beba kila kipande, hata vioo vilivyobaki kwenye mchanga kama viliokotwa. Wanaposema "bila sehemu zake kuu" wanakusudia bodi na fremu, lakini usiwape sababu.

Mwalimu wa Kongwa

Naomba niweke na langu ili wengine wajue. Mwaka jana simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Nilikuwa na waranti ya nyongeza pia. Nikaona Dodoma mbali, nikaipeleka kwa fundi hapa Kibaigwa aikaushe. Akaifungua kwa nia njema kabisa, akaipuliza, akaniambia ikae siku mbili. Haikuwaka. Nilipoipeleka mjini wakafungua tobo la laini wakatazama ile alama nyeupe ya ndani, imeshakuwa nyekundu, maana yake maji yameingia. Nikawaambia ndiyo, maji, na waranti yangu inasema maji yamo. Wakageuza upande wa pili: stika ya skrubu imekatwa. Basi. Dai likafia hapo, na sikuwa na la kujibu kwa sababu imeandikwa.

Mpaka leo naumia kila nikiona ile risiti. Bi Zabibu, umeuliza kabla ya kumpa fundi, umeniokolea hata mimi moyo.

Bi Zabibu – Jumatatu, saa 10 jioni

Nimetoka huko. Laini nimepata asubuhi kwa dakika 20, wateja wameanza kunipata. Ujumbe niliutuma jana saa 4 usiku na picha 9.

Dukani wameipokea simu. Hawakubisha tena kuhusu kubadilisha nilipowasomea kipengele. Lakini wameibuka na jingine. IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, iliyoandikwa kwenye karatasi ya waranti hailingani na iliyo kwenye kompyuta yao. Wanasema waranti hii ni ya simu nyingine. Risiti ya EFD ninayo, ila imeandika "simu 1" na bei, haina IMEI. Boksi la simu sina, watoto walilifanya nyumba ya wanasesere likachanika. Simu yenyewe haiwaki nibonyeze *#06# niione IMEI.

Nimeomba wanipe sababu hiyo kwa maandishi kama mzee Karani alivyonifundisha kwa ujumbe wa pembeni. Msichana wa mapokezi alisita, akaenda kumuuliza bosi, mwishoni akaniandikia mstari mmoja na muhuri: "Dai limesitishwa, IMEI hailingani." Ninayo.

Nimechoka wakuu. Karatasi aliiandika muuzaji wao kwa mkono wake, mimi nikiwa nimesimama mbele yake.

Fundi wa Sabasaba

Dada usikate tamaa, hapa ndipo ninapoweza kukusaidia kabisa.

Kwanza IMEI yako unaweza kuipata bila simu wala boksi. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu ya mdogo wako au kompyuta, fungua ukurasa wa kutafuta simu iliyopotea. Simu yako itaonekana kwenye orodha hata kama imekufa. Bonyeza alama ya taarifa pembeni ya jina la simu, IMEI itatokea. Piga picha ya ukurasa huo.

Pili, IMEI ina tarakimu 15, na ile ya 15 haiwekwi kwa kubahatisha. Inatokana na zile 14 za mwanzo. Chukua hizo 14, kila ya pili (ya 2, ya 4, ya 6 mpaka ya 14) izidishe kwa 2. Ukipata namba yenye tarakimu mbili, kama 16, zijumlishe: 1 na 6 ni 7. Kisha jumlisha zote, zilizozidishwa na zisizozidishwa. Tarakimu ya 15 ni ile inayoifikisha jumla kwenye kumi kamili. Jumla ikiwa 63, ya mwisho lazima iwe 7. Mtu akikosea tarakimu moja tu wakati wa kuandika, hesabu haikubali.

Ifanye kwa namba iliyo kwenye karatasi. Ikikataa, maana yake namba ile si ya simu nyingine. Si ya simu yoyote. Muuzaji aliikosea kalamu.

Mwana Chamwino

Fundi, nina miaka 12 na simu za tachi, hili la tarakimu ya 15 nalisikia leo. Nimelijaribu kwa simu yangu, imekubali. Ya mke wangu, imekubali. Nimeandika namba ya uongo, imekataa.

Mama Wawili Ipagala

Mimi nimekimbilia karatasi ya mwanangu kulinganisha. Wameandika IMEI ya pili badala ya kwanza (simu ya laini mbili ina IMEI mbili). Kesho naenda warekebishe kabla hajaiangusha.

Karani Mstaafu

Wakati Bi Zabibu anafanya hesabu, niseme la sheria kidogo kwa sababu wengi hukosea mlango.

Kama mpango wako una shirika la bima nyuma yake, ukikwama unaanzia kwa shirika lenyewe kwa maandishi, kisha TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Kama ni ahadi ya muuzaji tu, kama hii ya Bi Zabibu, TIRA watakuambia si yetu. Mlango wako ni Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia mteja "ikivunjikavunjika unapewa nyingine" halafu kumgeuka ni jambo la kuwaeleza. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wanahusika na mtandao na IMEI, hawahusiki na dai la duka.

Kote huko utaulizwa karatasi, risiti na lile jibu lenye muhuri. Ndiyo maana nilimsisitiza alichukue. "Walinikatalia kwa mdomo" haina pa kushika.

Bi Zabibu – Jumanne, saa 6 mchana

Fundi Mungu akubariki na mikono yako.

Namba ya kwenye karatasi imekataa. Nimeirudia mara tatu, na mdogo wangu anayesoma UDOM kairudia kivyake. Kwenye akaunti ya Google nimepata namba inayokubali, na tofauti yake na ya karatasi ni tarakimu moja tu: muuzaji kaandika 1 palipokuwa na 7. Ukiutazama mwandiko wake, 1 na 7 ni mapacha. Nimeituma namba sahihi kwenda 15090, ile huduma tuliyoizoea tangu TCRA walipozima simu bandia Juni 2016, ikarudisha jina na modeli ileile ya simu yangu.

Nimepeleka vyote asubuhi: picha ya ukurasa, ujumbe wa 15090, na hesabu nimeiandika kwenye karatasi ya mstari hatua kwa hatua. Bosi mwenyewe akatoka ofisini. Akafanya hesabu kwa kikokotoo chake pale kaunta. Akafungua kompyuta, namba sahihi ikawa ndiyo iliyouzwa siku ya risiti yangu. Akasema samahani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, ikabidi nikae kwenye kiti kwanza, machozi yalinitoka.

Wanasema siku 2 mpaka 5 za kazi.

Kizota Juu

Nimefurahi sana dada. Bado msimamo wangu juu ya waranti uko palepale, maana bila fundi na mzee hapa ungeishia njiani. Lakini nimefurahi kutoka moyoni.

Mwalimu wa Kongwa

Kizota, hilo ndilo linalonisumbua pia. Mama asiyejua kuuliza mahali afanyeje? Duka lilikuwa na namba sahihi kwenye kompyuta yao muda wote. Wangeweza kutafuta kwa tarehe na jina. Walichagua kumwambia hailingani.

Bi Zabibu – Ijumaa, saa 2 usiku

Naandika kwa simu mpya.

Nawapa mwisho wake kwa ukamilifu. Leo asubuhi waliniita. Modeli yangu imeisha sokoni, wakanipa iliyokarabatiwa ya kampuni ileile, ila memori ni GB 128 na yangu ilikuwa 256. Nikawauliza "sifa sawa au zinazokaribia" inakuwaje nusu? Iliyokarabatiwa sikuikataa, imeandikwa, nimekubali tangu siku ya kulipa. Nusu ya memori nimeikataa. Wakazunguka saa nzima, wakaleta modeli iliyofuata, GB 256, mpya. Nimechangia 62,000, asilimia 10 ya bei. Kwa hiyo jumla imenigharimu 132,000 badala ya kununua upya kwa 620,000, mbali na nauli za bajaji na siku tatu za kazi.

Mambo mawili sikuyajua. Simu ya zamani inabaki kwao. Nikauliza na picha za wanangu humo ndani? Mdogo wangu alikuwa ameshaniambia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nikaomba waniandikie kwamba bodi itaharibiwa na haitauzwa, wameandika na muhuri, na mimi nikaitoa simu ile kwenye akaunti yangu nikiwa palepale. La pili, mpango unaisha ukishapewa mbadala. Miezi 16 iliyobaki imekwenda. Kama ningepasua kioo tu wangetengeneza na mpango ungeendelea.

WhatsApp imerudi mpaka Ijumaa usiku, siku moja kabla ya ajali. Oda zilizoingia baada ya hapo sikuwa nazo, nimewapigia wateja mmoja mmoja, wote wameniambia ukweli wa walichoagiza na walicholipa isipokuwa mmoja, naye nimemwachia.

Mama Wawili Ipagala

Hongera mno! Umenunua mpango mwingine kwa hii mpya?

Bi Zabibu

Nimenunua. Safari hii nilimwambia msichana abonyeze *#06# mbele yangu, yeye anasoma kwenye kioo, mimi nafuata kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu. Na IMEI tumeiandika kwa kalamu nyuma ya risiti, wakagonga muhuri juu yake.

Fundi wa Sabasaba

Na 7 yake?

Bi Zabibu

Nimemwomba aikate katikati kwa mstari. Amekata.